Hasira Nilizopewa Matangani

Nimevunja vikombe vingi maishani, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Sababu ilijulikana mtaa mzima. Nilikuwa na hasira za babu yangu mzaa baba, yule aliyegombana na mdogo wake kwa ajili ya nyavu, akauburuta mtumbwi wake mwenyewe hadi mchangani, akaumwagia mafuta ya taa na kuutia moto, kisha akakaa kitako akiutazama unavyoteketea. Ujiji kuna watu hawamjui diwani wao, lakini kisa cha mtumbwi ule wanakijua mwanzo hadi mwisho.

Babu mwenyewe sikumkuta. Nilivyosimuliwa ni kwamba wazazi wangu walikuwa Ilagala, baba akinunua mawese huko na kuyaleta mjini, na mimi nikazaliwa huko. Habari ya msiba ilipowafikia walipanda boti wakarudi Ujiji, nami nikiwa mchanga wa wiki mbili. Tuliingia matangani mama akiwa amenifunika kanga, mimi napiga mayowe hadi waliokuwa wakisoma hitima wakanyamaza. Bibi, mjane wa siku tatu, alinipokea. Akautazama uso wangu uliokunjamana na ngumi zangu mbili, akasema, "Huyu hapa karudi. Hasira zake kaja nazo." Watu wakacheka katikati ya kilio. Tangu siku hiyo nikaitwa Babu, ingawa ni mtoto wa kike, na jina langu la kwenye cheti likabaki la shuleni tu.

Asiyejua mambo ya nyumba yetu atadhani huo ni utani. Ulikuwa utani wenye cheo. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa yangu, na baba, mtoto wa marehemu kabisa, alinipisha. Wazee waliokuwa wakisali na babu walikuwa wakipita barazani na kuniambia, "Shikamoo, mzee," nami naitika marahaba bila haya wala soni. Nakumbuka nikiwa na miaka kama sita nilirusha bakuli la uji ukutani kwa sababu sukari haikunitosha. Bibi alipiga makofi na kucheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Babu huyo," akasema. "Mwacheni, ndivyo alivyo." Kesho yake binamu yangu, tuliyelingana umri, alijaribu kurusha bakuli lake. Alichapwa mbele ya wote. Wala sikuona ajabu. Mimi nilikuwa na haki, yeye alikuwa na utundu.

Kulikuwa na jambo la pili walilomtwika babu, nalo ni kicheko. Habari mbaya ikinifika ghafla, kabla ya machozi hunitoka kicheko. Mkono wangu wa kushoto huenda mdomoni wenyewe, mabega hutikisika, na kadiri ninavyojizuia ndivyo kinavyozidi. Siku baba alipofariki nilicheka mbele ya wanawake waliokuja kulia nami. Nilitamani ardhi inimeze. Nikawasikia wakinong'onezana kwamba hizo ni dharau za mzee, hata kifo hakiheshimu.

Nami niliyaamini hayo yote, niliyaamini kwa moyo mmoja. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini, na katika ripoti za watoto nimeandika mambo ambayo leo nikiyakumbuka nayaonea aibu. Ukoo wa wavivu, niliandika. Amefuata wajomba zake. Mzazi akija kulalamika nilimwambia maji hufuata mkondo, akaondoka kichwa chini. Niliwajua watoto kabla hawajafungua mdomo, maana niliwajua baba zao.

Sasa nifike kwenye mwiko. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Nilimwachia maharage jikoni, akazama kwenye kitabu, maharage yakaungua. Niliingia, nikasikia ile harufu, na mwiko ukaniponyoka. Hivyo ndivyo nilivyosema siku zote, kwamba uliniponyoka. Ulimpata juu ya jicho la kushoto na kuipasua nyusi. Hakulia. Alinitazama tu huku damu ikimtiririka shavuni, hadi baba yake alipombeba kumpeleka kushonwa. Sikumwomba radhi. Babu hakumwomba radhi hata mdogo wake, walikufa hawasemeshani, na mimi nilikuwa nani nimpite babu? Kovu lipo hadi leo, kamstari kasikoota nywele.

Mtoto huyo sasa ni muuguzi, mtu mzima, na mwaka huu alipata mchumba kutoka Katubuka. Kwetu, kabla barua ya posa haijaletwa, upande wa mume humtuma shangazi wa kijana kuulizia. Huja siku kadhaa kabla, akapita gengeni na msibani, akasikiliza. Anataka kujua kama kuna kichaa katika ukoo, kifafa, wizi, mkono wa uchawi, ulevi. Akisharidhika huja nyumbani kunywa chai. Na akiwa hakuridhika huja vilevile, akanywa chai, akasifu mandazi, na barua isionekane tena.

Huyu aliyetumwa kwetu hakuwa wa kuzunguka. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mtulivu wa sauti. Alifika Jumanne saa kumi za jioni, akamwamkia mama yangu aliyekuwa amekaa mkekani akichagua mchele kwenye ungo, akapokea chai, akaonja, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akaniambia, "binti hatuna neno naye. Ana adabu, ana kazi yake, na kijana wetu haambiwi wala hasemezwi juu yake. Lakini damu haifichiki. Ya mtumbwi tumeyasikia, na ya kwako wewe, samahani, tumeyasikia pia. Leo binti ni mpole. Akishazaa hasira zinampanda, zinawashukia na watoto. Mimi nimetumwa niseme, kwamba wenzangu wanasita."

Nilikuwa nishapanga maneno, na yalikuwa maneno ambayo yangemtoa mlangoni bila viatu. Binti yangu, aliyekuwa ameleta sahani ya mandazi, alisimama ameishika vilevile. Niliuona uso wake. Alikuwa anajua kitakachofuata, nacho ndicho kingemthibitishia yule mgeni kila alichosikia gengeni.

Mama ndiye aliyetangulia kusema. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo, ila kidole alininyooshea mimi.

"Hasira za mzee hazikuingia kwa huyu."

"Mama, tafadhali," nikasema.

"Hazikuingia maana hazikuwa na pa kupitia. Huyu si wa damu yetu."

Nilidhani uzee umemfika. Ana miaka themanini, na siku hizi husahau alikoweka miwani. Lakini aliuweka ungo pembeni, akajifuta vumbi la mchele mikononi, akamgeukia mgeni badala yangu, akasema yote kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Wangu nilimzaa kule Ilagala, akaishi siku nne. Nikabaki na maziwa, kifua kimevimba, nalia kwa uchungu wa mtoto na wa kifua. Nyumba ya nne kutoka kwetu, mke wa mvuvi alikufa kwa uzazi akaacha kichanga. Wakaniletea nikinyonyeshe. Nikakinyonyesha. Ikaja habari kwamba baba mkwe kafariki. Yule mvuvi alikuwa na watoto wengine watano na hana mke. Akaniambia, nenda naye, mama, ukimwacha atakufa. Tukaja naye. Nilikuwa nimepanga kusema, wallahi nilipanga. Nimeingia tu mlangoni, mama mkwe kamnyakua, kasema mzee karudi, watu wakacheka. Siku tatu hawakuwa wamecheka. Ningesema nini? Nikasema nitasema kesho."

Akaongeza, kama jambo dogo: "Na alikuwa analia njaa. Siku ile ziwa lilichafuka, nikashindwa kumnyonyesha kutoka Ilagala mpaka tunashuka Ujiji."

Miaka hamsini na zaidi ya firigisi, ya shikamoo mzee, ya vikombe na sahani na mlango wa chumba cha walimu nilioupiga teke hadi bawaba zikang'oka, na chanzo chake kilikuwa mtoto mwenye njaa.

Yule shangazi ndiye aliyeuliza swali la maana. "Na marehemu mumeo alijua?"

"Angekosaje kujua? Muulize huyu habari ya siku ya ndoa yake."

Hapo nikaelewa, na afadhali nisingeelewa. Siku nilipoolewa, baba hakusimama kuniozesha. Watu wamejaa, bwana harusi amekaa, baba akasema miguu inamuuma, hawezi kuketi pale mbele, na akamwachia shehe wa msikiti. Mtoto wake wa kike, na anamwachia mtu baki amtoe! Nilimfuata jioni ile ile na nguo za harusi mwilini nikampigia kelele mbele ya wageni. Sikumwamkia kwa mwaka mzima na kitu. Yeye alichonijibu ni, "Una haki, Babu," na nikaona hata kujitetea hajui.

"Hakuwa anaumwa na mguu wowote," mama akasema. "Aliyekunyonyesha ni mimi, kwa hiyo yeye ni baba yako wa maziwa, hilo halina shaka. Lakini baba wa maziwa haozeshi. Dini haimruhusu, na yeye hakuwa mtu wa kuiba ndoa yako. Wa damu yako walikuwa Wakristo, na mvuvi mwenyewe ziwa lilikwishamchukua. Akaenda kwa shehe kwa siri, shehe akasema nitasimama mimi. Shehe ndiye aliyekuja kunieleza baadaye kwamba mume wangu alikaa nje ya dirisha la msikiti, wima, juani, mpaka hotuba ya ndoa ikaisha."

Nikacheka. Mkono ukaenda mdomoni, mabega yakatikisika, nikacheka mbele ya mgeni wa posa mpaka nikashika ukuta. Machozi yalikuja baadaye sana, na yalipokuja hayakutaka kukatika.

Shangazi alisubiri. Lazima nimpe haki yake, alisubiri. Kisha akasimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Mama, umefungua mlango mmoja ukafunga mwingine," akamwambia mama yangu. "Ukoo ule tulikuwa tunaujua ubaya wake. Huu hatuujui kabisa. Nitarudi Jumanne ijayo, na nitakuja kuuliza maswali yale yale."

Kwa hiyo Jumamosi tulipanda gari la asubuhi kwenda Ilagala, mimi na binti yangu. Mama alitupa maelekezo mawili tu, kwamba nyumba ilikuwa karibu na kigango cha Wakatoliki, na kwamba yule mvuvi alikuwa ametoka ng'ambo, Kongo. Nilibeba sukari na kanga mbili, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Njia nzima niliitazama mikono yangu. Niliitazama kama ya mtu aliyeniazima.

Ufukweni tulimkuta mzee mmoja akishona nyavu. Nilimwambia shikamoo, nikaanza kueleza kwamba natafuta nyumba ya mvuvi mmoja wa zamani, marehemu. Aliinua uso akanikazia macho, akaacha sindano yake ya nyavu.

"Unamtafuta dada yako," akasema. "Yuko kule kwenye chanja."

Sikuwa nimetaja dada. Binti yangu akanishika kiwiko.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na zaidi, rozari shingoni, anageuza dagaa waliokuwa wakikauka juu ya chanja. Nikamwamkia. Hakuitika. Alitembea akaja mpaka karibu kabisa, akaushika uso wangu kwa mikono inayonuka samaki, akaugeuza upande huu na upande ule.

"Mimi ndiye nilikuwa nakubeba kukupeleka kwa yule mama ukanyonye," akasema. "Mgongo wangu huu. Miaka yote hii, leo ndiyo umeona uje?"

Hapo hapo mbuzi wawili wakapita mbio wakifukuzana. Mmoja aliikumba nguzo ya chanja, na upande mzima ukaanguka, dagaa wote mchangani, kazi ya siku mbili. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeshika jiwe, nimeinua mkono, natukana mbuzi na mwenye mbuzi na mama wa mwenye mbuzi. Dada yangu alinitazama. Akachuchumaa, akavuta beseni, akaanza kuokota dagaa mmoja mmoja na kupuliza mchanga.

"Hukasiriki?" nikamuuliza.

"Nimkasirikie mbuzi?" Alionekana kweli kutaka kujua. "Weye, hizo hasira umezitoa wapi? Baba yetu hakutupigia kelele hata siku moja. Mama, namkumbuka vizuri, akiudhika alikuwa anaimba. Tulikuwa tunajua leo mama kaudhika, tunasikia nyimbo. Na sisi ndugu tuko hivyo hivyo. Watu hapa wanatucheka, wanasema ukitaka kumwibia mtu kuku nenda kule, hawasemi kitu."

Niliendelea kushika lile jiwe. Sikujua niliweke wapi, nilijiona mjinga. Ndugu watano waliolelewa na ziwa na baba mpole, wote wapole, na mimi wa sita, wa tumbo lile lile, niko hapa natukana mbuzi. Tena natukana kwa maneno ya nyumba ya Ujiji, maneno ambayo bibi alikuwa akiyapigia makofi nikiwa mtoto.

Niliweka jiwe chini, nikachuchumaa naye, tukaokota. Binti yangu naye akaokota. Ndipo dada yangu akasema lile lililokuwa limemkaa moyoni. Alisema walikuwa wanajua niko Ujiji, nimesoma, ni mwalimu. Yule baba aliyenilea alikuwa kila akija kununua mawese anapita kuwapa habari zangu. Alipofariki habari zikakatika, nao wakasema basi, ametukataa. Amekuwa Mwislamu, amekuwa msomi, ana haya na watu wa dagaa.

"Hatukukulaumu," akasema. "Ila tulisikitika."

"Dada," nikamwambia, "mimi nimejua Jumanne. Jumanne hii iliyopita."

Hakuelewa mara moja. Nikarudia. Nikamwambia hakuna aliyeniambia, sikuwahi kusikia habari yao, sikuwa na habari kama nina dada. Niliona inavyomwingia. Akafungua mdomo kama anataka kuuliza kitu, na mkono wake wa kushoto ukapanda ukauziba, mabega yakaanza kutikisika, akacheka.

Alicheka kicheko changu. Sisemi kilifanana na changu. Kilikuwa kile kile, chenye ile kwikwi katikati na ule mlio mwembamba wa kujizuia, na macho yake yalikuwa yamejaa hofu kama yanavyojaa yangu, maana hata yeye hakukitaka. Mwanamke ambaye sikuwahi kula naye, wala kulala naye chumba kimoja, wala kumwona hata picha. Miaka yote ile nilidhani kicheko hiki ni dharau ya mzee mmoja mkorofi, kumbe kilikuwa kinanisubiri huku ufukweni. "Mama alikuwa hivi," akajitahidi kusema. "Hata kanisani." Na mimi kikanishika, tukacheka wote wawili juu ya dagaa wenye mchanga, tukilia.

Binti yangu alitutazama mmoja baada ya mwingine.

Aliniuliza tukiwa kwenye gari la kurudi. Alikuwa amekaa upande wa dirisha, lile kovu likiwa upande wangu. Hakuwa na hasira. Nadhani angekuwa nazo ningejua la kumjibu.

"Mama," akasema, "sasa ule mwiko tuseme ulikuwa wa nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie ni wa babu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikaona kwamba mzee wa watu, pamoja na mtumbwi wake wote, hakuwahi hata kunijua, na alikuwa amekwisha kuzikwa siku nilipopata njaa nikalia. Kwa damu sikuwa na pa kuusukumia ule mwiko. Na kwa malezi? Ningesema ni wa bibi na makofi yake, na lingekuwa kweli kwa sehemu. Lakini binamu zangu walilelewa nyumba hiyo hiyo, na mimi nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na zaidi, mwalimu, mwenye mwiko mkononi. Tulifika Ujiji sijamjibu.

Jumanne shangazi alirudi, saa ile ile. Nilikuwa nimewaza siku tatu nimwambie nini. Jibu zuri nilikuwa nalo. Ningesema, tumekwenda Ilagala, tumewaona, ni watu wapole hadi wanaibiwa kuku, kwa hiyo hasira haipo, nendeni mkalete barua. Isingekuwa hata uongo. Na binti yangu alikuwa anaitaka ndoa hii. Nilimsikia usiku akiongea na simu, sauti aliyokuwa akitumia sijawahi kuisikia.

Mama alikuwa mkekani. Binti alikuwa amesimama mlangoni mwa ua. Shangazi alipokea chai, na safari hii hakuionja.

"Haya, mwalimu. Huko mlikokwenda, hasira ipo?"

"Huko haipo," nikasema. "Watu wale sijaona mfano wao."

Akatikisa kichwa kukubali, akanyoosha mkono kwenye kikombe. Angenyamaza mtu mwingine hapo. Mimi mwenyewe nilitamani kunyamaza.

"Lakini umesikia habari zangu, na ni za kweli," nikasema. "Hasira si za ukoo ule wala si za ukoo huu. Ni zangu. Lile kovu la mwanangu hapo juu ya jicho, nililitia mimi kwa mwiko, kwa sababu ya maharage. Nilisema uliniponyoka. Haukuniponyoka, niliurusha. Nilimlenga. Na mpaka leo sijamwomba radhi." Nikamgeukia binti yangu, maana maneno hayo hayakuwa ya mgeni. Nikagundua kwamba neno la kuomba radhi sijawahi kulitamka maishani mwangu, midomo haikulijua. "Mwanangu, niwie radhi."

Mama alikohoa pale mkekani. "Na sisi tulimpigia makofi," akamwambia mgeni taratibu. "Kapeleke na hilo kwenu, mwanangu. Alirusha, tukapiga makofi."

Binti yangu alibaki amesimama, ananitazama kama siku ile alivyonitazama na damu shavuni. Kisha mkono wake wa kushoto ukapanda. Alijaribu kuushusha, nilimwona. Ukaziba mdomo, mabega yakatikisika, na ile kwikwi ikamtoka. Miaka ishirini na sita namlea na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo. Labda kwa sababu katika nyumba yangu hakuna kilichowahi kumshtua kuliko hili.

Shangazi alishtuka, akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Huyu anacheka nini?"

"Hiyo ndiyo ya ukoo, dada," nikamwambia. "Hiyo kawaambieni nyumbani kwenu mapema, maana itawatia aibu misibani."

Shangazi akaivuta chai yake, akainywa yote ingawa ilikuwa imepoa, akaomba mandazi ya kufungiwa kwenye karatasi. Akasema barua italetwa Ijumaa baada ya swala. Nilimsikia, lakini nilikuwa namtazama binti yangu mlangoni, anacheka na machozi yanamtoka, kovu limempanda juu pamoja na nyusi.